Jumamosi ya Maji Mafu

Kisigino changu kiliumizwa na kiburi, si mbio. Naomba hilo lieleweke mapema, kwa sababu mtaani kwetu Mchafukoge wapo wanaosema mpaka leo kwamba niliumizwa na uzee. Nilikuwa na miaka arobaini na sita. Uzee uko wapi hapo?

Ilikuwa alfajiri, nakatisha Kariakoo kwa mwendo mzuri, na wachukuzi walikuwa wameshusha marobota ya mitumba katikati ya barabara. Mtu mwenye akili zake angezunguka. Mimi nikaruka. La kwanza nikalivuka, la pili nikalivuka, nikasikia vijana wanashangilia, nikanogewa, nikaruka na la tatu. Nyuma ya kisigino kitu kikalia ta! kama mpira wa suruali unapokatika, na mara nikajikuta nimekaa juu ya robota kama mteja anayesubiri kutajiwa bei.

Mchukuzi mmoja aliniangalia kwa huruma ya kweli. "Mama," akasema, "si ungezunguka tu?"

Nilimjibu maneno ambayo siwezi kuyaandika, kwa sababu nasali na mke wa mchungaji.

Hatua mia moja nyuma yangu alikuwa anakuja Mwalimu, polepole, kwa mwendo wake uleule. Huyu ni jirani yangu wa ghorofa ya tatu, mama wa Kihindu aliyezaliwa katika jengo lilelile tunaloishi, akafundisha hesabu shule ya msingi mpaka akastaafu. Mimi niko ghorofa ya pili, ni Mchaga, nauza vyombo vya plastiki kwa jumla hapohapo Kariakoo: mabeseni, ndoo, majagi, madumu. Kwa miaka tisa tulikutana ngazini kila siku saa kumi na moja na nusu alfajiri. "Shikamoo Mwalimu." "Marahaba Mangi." Mangi wanaitwa wanaume wa kwetu wenye maduka, na mimi ni mwanamke, lakini Mwalimu alishaamua kwamba duka ni duka.

Kisha tunatoka, tunapita Upanga mpaka baharini na kurudi. Nikisema tunakimbia, maana yake ni kwamba mimi nakimbia mbele na yeye anakuja nyuma. Nikifika kwenye taa za barabarani narukaruka palepale mwili usipoe, nageuka, napaza sauti: "Mwalimu, kaza!" Naye, bila kuongeza hata nusu hatua, anajibu: "Tangulia, Mangi. Njia naijua."

Siku ile alinikuta juu ya robota. Akatazama kisigino, akatazama marobota matatu, akapiga hesabu yake kimya kimya. "Matatu," akasema. "Mawili hayakukutosha."

Mtaalamu wa viungo tuliyemwendea Upanga alikuwa kijana mpole mwenye vidole vya chuma. Alinibonyeza nikaona nyota, akasema kano ya kisigino imechanika kidogo, na kwamba nisikimbie kwa miezi mitano. Nikamwambia miwili. Akasema mitano. Nimezoea kupatana bei, nikapanda mpaka miwili na nusu. Akasema mama, hapa si dukani.

Kilichoniuma si miezi yenyewe. Mwalimu alikuwa anaondoka baada ya minne. Mtoto wake anayeishi nchi za baridi alikuwa amemkatia tiketi akaishi naye, na fleti ya ghorofa ya tatu ilikuwa imeshapata mnunuzi. Wiki moja kabla sijaruka yale marobota, Mwalimu alikuwa ameniomba kitu kimoja, na katika miaka tisa hakuwa ameniomba chochote zaidi ya chumvi. Alisema: "Kabla sijaenda, nataka tumalize mbio moja pamoja. Pamoja, Mangi. Si wewe umeshamaliza, umekaa kivulini unakunywa soda, mimi ndiyo naingia."

Nilikuwa nimecheka na kukubali. Ilikuwa kweli tupu. Tulikuwa tumeshiriki mbio nyingi sana mimi na yeye, na hakuna hata moja tuliyovuka mstari pamoja. Sasa nimekalia kitanda cha tabibu, mguu juu, na ahadi yenyewe imekwisha kuoza.

"Kama mwili unawasha sana," yule kijana akasema, "unaweza kuogelea."

"Kwetu mlimani hatuogelei," nikamwambia. "Tunaoga."

"Ataogelea," Mwalimu akasema kutoka kwenye kiti cha wageni. "Zipo mbio za kuogelea."

Nikabisha njia nzima mpaka nyumbani. Nilimweleza kwamba nimekulia kwenye mifereji ya migombani, ambako maji yakizidi sana yanafika magotini na kila mtu anaita mwenzake aje aone. Mwalimu alinisikiliza mpaka mwisho, akasema darasa linaanza Jumanne.

Bwawa lilikuwa la shule moja ya Upanga, na jioni mbili kwa wiki waliwafungulia watu wazima. Mkufunzi wetu alikuwa dada wa Kipemba wa miaka thelathini hivi, aliyevaa vazi la kuogelea lililomfunika kuanzia kichwani mpaka kwenye vifundo, na ndani ya maji alipita bila kelele hata kidogo. Mimi nilikuwa na kelele za kututosha wote wawili. Aliniangalia ninavyolipiga lile bwawa makofi, akanivuta pembeni. "Mama, maji hayajakukosea kitu," akasema. "Usiyapige. Yasukume."

Nikageuka kumtafuta Mwalimu tucheke pamoja. Hakuwa pembeni. Alikuwa upande wa pili wa bwawa, amegusa ukuta, anarudi, mkono mmoja unatoka, mwingine unaingia, uso unachungulia kidogo kuvuta hewa na kurudi ndani. Mwanamke wa miaka sitini na moja! Alipofika nilikuwa bado nimeshikilia ngazi kwa mikono yote miwili, mdomo wazi.

"Shikamoo," nikamwambia, ya pili siku hiyo.

"Marahaba."

"Miaka tisa, Mwalimu! Miaka tisa hujaniambia unajua kuogelea!"

"Hukuniuliza," akasema. Baba yake alikuwa akiwapeleka baharini kila Jumapili walipokuwa wadogo. Baada ya kuolewa aliacha, na watoto walipokuja akasahau kwamba ameacha.

Nilirudi nyumbani nimekasirika kwa furaha, kama hali hiyo ipo. Mimi, niliyezoea kusubiri kwenye taa, sasa nilikuwa mkia wa darasa. Nikaamua nitajifunza hata kama ni kwa fujo. Mkufunzi alisema tatizo langu ni pumzi: natakiwa kutoa mapovu uso ukiwa ndani ya maji, na mimi uso ukiingia nafunga kila kitu kama duka siku ya mgambo. Basi nikachukua beseni kubwa kutoka kwenye mali yangu mwenyewe, nikalijaza maji, nikaliweka nyuma ya kaunta. Kila wateja wakipungua nilitumbukiza uso nikatoa mapovu mpaka kumi.

Siku moja nilipoinua kichwa, maji yananitiririka kifuani, mbele yangu amesimama mteja wangu wa Morogoro. Sikujua amesimama pale tangu lini. Tukaangaliana.

"Habari za biashara, mama," akasema kwa uangalifu.

"Nzuri. Napima beseni."

Akainama, akalichungulia, akaligonga kwa vidole. "Halivuji," akasema. "Nipe dazeni tatu."

Tangu siku ile niliacha kujificha. Wachukuzi walikuwa wakipita na mizigo wanasimama kunihesabia. Nilipofika mapovu ishirini bila kuinuka walipiga miluzi mtaa mzima, na mwenye duka la nguo upande wa pili, aliyeniuzia vazi la kuogelea huku akilivuta mbele na nyuma kunionyesha linavyovutika, alidai sehemu ya sifa.

Mwezi wa tatu niliweza kwenda na kurudi bwawani mara ishirini. Sikuwa mrembo majini, lakini nilikuwa nafika. Tukajiandikisha mbio za kilomita moja baharini, kuzunguka maboya matatu na kurudi ufukweni, wiki moja kabla ya safari ya Mwalimu. Kilichobaki ni kuingia baharini yenyewe, kwa sababu mkufunzi alikuwa na sharti: hamsainii fomu ya mbio mtu ambaye hajaogelea naye baharini angalau mara moja.

Hapo ndipo nilipoharibu.

Mkufunzi alituma ujumbe kwenye kundi la simu. Mwalimu hakuwemo. Alikataa makundi, alisema amefundisha darasa la watoto tisini, kelele alizosikia zinamtosha. Kwa hiyo habari zote za darasa alizipata kwangu. Ujumbe ulisema hivi: *Jumamosi hii maji mafu, tunaingia baharini saa nne asubuhi. Jumamosi ya pili bamvua, tutabaki bwawani.*

Nikausoma mara tatu, nywele zikanisimama. Maji mafu! Kuna mtu mzima, mwenye akili na cheti cha ukufunzi, anatuita tuingie kwenye maji mafu? Mimi ni mtu wa bara. Kitu kikiitwa mfu, kwetu tunakizika. Nilijiona nimeelea kifudifudi, na ukoo mzima unachanga nauli ya kunirudisha mlimani. Na hiyo bamvua nikaona si kitu, ni mvua tu, manyunyu fulani ya pwani. Nikacheka peke yangu dukani: yaani mkufunzi wa kuogelea anaogopa kulowa!

Nikamwambia Mwalimu safari ya baharini imesogezwa Jumamosi ya pili. Nilimdanganya mchana kweupe, na nilijiona nimemwokoa. Mkufunzi nikamwandikia kwamba tuna msiba.

Jumamosi ya pili tukachukua bajaji, mimi na Mwalimu, saa nne kasoro, kofia za mpira vichwani, miwani ya kuogelea kwenye paji la uso, mafuta ya kujikinga na jua yamenipaka weupe kama mwali. Anga safi, hakuna hata wingu. "Bamvua yenyewe wala haijaja," nikamwambia Mwalimu, lakini kelele za bajaji zilimfanya asisikie.

Tulipofika, bahari haikuwepo.

Sizidishi. Palikuwa na mchanga, halafu matope, halafu mwani, halafu mawe, halafu mchanga tena, na kule mbali kabisa kitu kinachong'aa kama bati jipya. Mimi nikasema twende, itakuwa palepale. Tukatembea. Maji yakafika vifundoni, nikafurahi, yakaisha. Tulitembea mpaka bajaji yetu ikawa ndogo kama kiberiti, na maji marefu kuliko yote tuliyoyapata yalifika katikati ya goti, yaani sawasawa na mfereji wa kwetu. Kina mama waliokuwa wameinama wanaokota chaza waliinuka mmoja mmoja kututazama, wanawake wawili wazima wenye kofia za mpira wanaotafuta bahari kwa miguu.

"Mnakwenda wapi, jamani?" mmoja akauliza.

"Kuogelea," nikasema, kwa hadhi niliyoweza kuipata.

Alishika kiuno. "Leo bamvua! Maji yamekwenda zake. Bamvua yakijaa yanajaa sana, yakitoka yanatoka hivi hivi unavyoona. Si mngekuja wiki iliyopita, maji mafu? Yametulia, hayana mkondo, hata mtoto anaogelea."

Mwalimu akanigeukia taratibu. Nimeona macho yale yanavyowafanya watu waliowahi kufundishwa naye wakikutana naye sokoni. Wanajiangalia kucha.

"Mangi. Ujumbe ulisemaje? Neno kwa neno."

Nikausoma, neno kwa neno. Nikamweleza na tafsiri yangu, kwamba mafu ni mafu, na bamvua ni manyunyu. Alinisikiliza mpaka mwisho kama kawaida yake. Kisha uso wake ukaanza kutetemeka, akashika bega langu, akakaa. Alikaa kwenye matope, na vazi lake la kuogelea, akacheka mpaka kofia ikamtoka. Kina mama wa chaza walipopewa habari walicheka naye. Mmoja alinipa chaza mmoja bure, wa kunipa pole. Mimi nilitaka kukasirika, nikatafuta hasira mahali inapokaa siku zote, sikuikuta. Nikakaa na mimi kwenye matope.

Tulipotulia, Mwalimu alifuta macho. "Nilikuwa nimesahau maneno haya," akasema. "Baba alikuwa anayataja kila Jumapili." Halafu nikajua anahesabu. Mbio zilikuwa Jumamosi inayofuata. Bahari hatujaingia. Baada ya hapo ni ndege. Nilijisikia vibaya kuliko siku ya kisigino, kwa sababu kisigino kilikuwa changu mwenyewe.

Mkufunzi nilimwendea kwa miguu yangu, nikakiri yote, pamoja na msiba usiokuwepo. Aliuma midomo, lakini mabega yalimsaliti. "Jumatano, saa moja asubuhi," akasema alipoweza. "Maji yatakuwa yamejaa. Dakika arobaini. Ukishindwa kunifuata, hushindani, na msiba utakuwa wako."

Jumatano duka nikalichelewesha kufungua kwa mara ya kwanza tangu harusi yangu. Mwalimu aliniona nasitasita ukingoni, akasema, "Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga," na akanisukuma. Sijui niseme nini kuhusu dakika zile arobaini. Hakuna aliyeniambia kwamba chumvi inakubeba! Bwawani nilikuwa napigana nisizame, kumbe baharini ukiacha ugomvi unaelea tu. Nilicheka chini ya maji, nikameza funda zima, nikatapika, nikacheka tena. Mkufunzi alinisainia fomu kwa mkono uliolowa.

Na Jumamosi, bila shaka, ilikuwa maji mafu. Waandaaji wa mbio wanajua wanachofanya. Bahari ilikuwepo mahali pake, laini, imetulia kama chai kwenye bilauri. Tulikuwa watu kama sitini. Wachukuzi wanne walikuja kutoka Kariakoo na beseni, wakalipiga kama ngoma, na mume wangu alisimama nao akijifanya hawajui.

Boya la kwanza nililifikia naimba moyoni. Kati ya la kwanza na la pili mtu alinipita, kisigino chake kikanipiga usoni, miwani ikajaa maji. Nikainua kichwa. Chini hakuna chini, pembeni hakuna ukuta, na yale niliyojifunza yote yakanitoka kwa mpigo mmoja. Nikaanza kuyapiga maji makofi kama siku ya kwanza. Mfa maji haachi kutapatapa, na mimi sikuacha. Kofia ya njano ya Mwalimu ilikuwa mbele kabisa, imeshafika kwenye boya la pili, inapinda.

Nilifikiria ahadi, na nikaona nitamharibia tena. Nikakusanya pumzi iliyobaki, nikapaza sauti: "Tangulia, Mwalimu! Njia naijua!"

Kofia ya njano ikasimama. Kisha ikageuka, ikaja. Alirudi kinyume na watu wote, wanampita kulia na kushoto, mpaka akafika kwangu.

"Hujui lolote, wewe," akasema, akivuta pumzi. "Bamvua unaita manyunyu. Toa mapovu."

Nikatoa mapovu. Nikahesabu mpaka ishirini, kama kwenye beseni. Alikaa kando yangu mkono kwa mkono, akivuta hewa upande wangu ili kila nikichungulia nimwone. Huko majini, pamoja na hofu yote, nilipata nafasi ya kuona aibu. Miaka tisa nilikuwa nasimama kwenye taa, narukaruka, napiga kelele. Sikuwahi kurudi nyuma hata hatua kumi.

Tulipokanyaga mchanga, palibaki hatua arobaini mpaka kwenye mstari, na waliotoka majini wote walikuwa wanazikimbia. Damu ikanipanda. Jamaa mmoja mwenye kitambi alikuwa nyuma yetu, anatweta, anakuja. Mguu wangu ulishaanza wenyewe. Mwalimu akanikamata kifundo cha mkono.

"Tabibu kasema nini?"

"Mwalimu, kitambi kile kinatupita!"

"Kipite."

Kikapita. Na wengine watatu wakapita. Tukatembea hatua arobaini, taratibu, matone yanatudondoka, beseni linapigwa, na tukavuka mstari mguu kwa mguu, tumeshikana. Nililia waziwazi. Mwalimu aliniuliza soda iko wapi.

Aliondoka Ijumaa iliyofuata. Alinipigia kutoka huko kwenye baridi, akauliza kesho maji gani, na nikamjibu bila kuangalia popote, maana sasa nayajua. Ghorofa ya tatu wamehamia vijana wawili wanaolala mpaka saa tatu.

Mwezi mmoja baadaye yule kijana wa vidole vya chuma aliniruhusu. Saa kumi na moja na nusu nikashuka ngazi, sikumwamkia mtu, nikakimbia. Kisigino kimya kabisa. Nikapita Upanga, nikafika kwenye taa, nikaanza kurukaruka palepale, nikageuka, mdomo umeshafunguka.

Barabara ilikuwa tupu. Nilisimama pale muda uleule niliozoea kusimama. Kisha nikarudi nyuma, hatua mia moja hivi, mpaka pale ambapo siku zote angekuwa amefikia, nikageuka, nikaanza tena kwa mwendo wake.

Dereva wa bajaji aliyekuwa ananitazama akatoa kichwa nje. "Mama, umesahau kitu?"

"Hapana," nikamwambia. "Nilikuwa namfuata Mwalimu."